Maji Yamepungua, Babu Yuko Salama

Makote, Newala
9 Juni 2025

Mke wangu Winfrida,

Marahaba, naitoa mapema kabla hujaniamkia, maana nyie watu wa Dar mnasahau. Mimi babu yako Cuthbert sijambo, ila masikio. Yamefunga duka kabisa. Jumapili mchungaji alihubiri mpaka jasho likamtoka, mimi nikawa naona midomo tu inacheza, na naapa hajawahi kuhubiri vizuri namna ile. Ndiyo maana nakuandikia. Ukinipigia simu nasikia nyuki, na nikikujibu kitongoji kizima kinajua mambo yetu.

Habari za hapa ni njema. Muhogo umekubali. Mikorosho inasubiri dawa ya salfa, na salfa inasubiri wakubwa. Binamu yako Oscar kaoa tena huko Nanganga, mwanamke mrefu, akisimama naye Oscar anaonekana kama mkoba wake. Faidha jirani yetu anakusalimu. Kisima chake cha mvua kimepasuka chini, fundi anasema kesho, na kesho ya fundi unaijua.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe. Vile vidude ulivyonifungia siku ya Pasaka: kimoja mlangoni, kimoja ndani ya kisima, kimoja kwenye taa. Ulisema vitakuwa vinakuambia kama mimi mzima, maana tangu bibi yako Regina alipotutoka unaogopa nitaanguka nilale chini na asijue mtu. Vizuri. Mimi si mtu wa kukataa zawadi. Ila ulikaa siku mbili tu ukaondoka, na hizo siku mbili zenyewe ulikwenda kulala nyumba ya wageni Newala mjini, eti hapa joto. Joto, Makote! Mwezi wa nne hapa hata mbuzi wanagombania jiko.

Huyo bwana wako wa mashine nimeanza kumzoea. Namwita mume mwenzangu. Asubuhi namfungulia mlango, nafunga, nafungua, nafunga, nimpime akili. Kimya. Juzi nikampitisha mbuzi wa Faidha mlangoni, akaingia, akatoka, akaingia tena. Nikasema leo atasema neno. Wapi! Mtu gani huyu asiyeshangaa mbuzi sebuleni?

Unakuja lini? Siulizi. Naandika ili karatasi ijae.

Ni mimi mumeo wa zamani,
Cuthbert


Tabata, Dar es Salaam
30 Juni 2025

Babu yangu,

Shikamoo. Na nyingine: shikamoo. Na ya tatu kwa lile sikio la kushoto ambalo ulikuwa unasema linasikia vizuri kuliko la kulia.

Mimi mzima. Huku mvua zimekwisha, vumbi limeanza. Msalimie Oscar na umwambie mkoba mzuri hubebwa na mtu mrefu. Msalimie sana shangazi Faidha.

Babu, kila mara unaniuliza nafanya kazi gani hasa, nami nakujibu kompyuta, kompyuta. Leo nakueleza. Ofisi yetu inaangalia maghala ya korosho na vyumba vya baridi vya dawa. Mle ndani tumefunga vidude kama vya kwako. Vinatuma namba mchana na usiku: joto, unyevu, mlango umefungwa, mlango umefunguliwa. Zamani alikaa mtu mbele ya kioo akizitazama mpaka macho yakawa mekundu. Sasa anayezitazama ni wakala wa akili mnemba. Usicheke, si wakala wa kutoa pesa. Huyu ni programu inayosoma na kuandika kutushinda wote, ila haijui chochote cha mahali. Haijawahi kuona korosho. Imepewa zana: moja ya kusoma joto, moja ya kuuliza mlango, nyingine ya kutuma ujumbe. Na mimi ndiye ninayeandika maelezo ya kila zana: inafanya nini, itumike lini, isitumike lini, jibu lake lina maana gani. Nikiandika ovyo, wakala anashika zana isiyo yake, au anashika iliyo sawa halafu anaelewa kinyume. Ni kama mgeni uliyemwacha nyumbani peke yake ukaenda safari. Hana wa kumuuliza. Ana karatasi uliyomwachia tu.

Za nyumbani kwako niliziandika hivi:

"Mlango. Huonyesha Babu anavyotoka na kuingia."
"Taa. Huonyesha Babu anavyoamka na kulala."
"Kisima. Huonyesha kama Babu yuko na anatumia maji. Maji yakipungua, Babu yuko salama."

Kila asubuhi ananiletea mstari mmoja kwenye simu, nausoma kabla sijapiga mswaki.

Sasa, huo mchezo wako. Siku moja nimo kwenye kikao, bosi anaongea, simu ikatetemeka. Wakala kaandika: "Mlango umefunguliwa na kufungwa kupita kawaida. Babu huenda amechanganyikiwa. Nashauri apelekwe hospitali." Nilitoka nje nikalia, Babu. Halafu naletewa barua yako, kumbe mbuzi!

Basi zana ya mlango nimeifuta. Ya taa nayo nimeifuta, maana unaiacha inawaka mpaka saa sita mchana. Nimebakiza kisima peke yake. Kisima hakina utani.

Kuja, tutaona mwezi wa nane. Kazi imebana.

Mjukuu wako,
Winfrida


Makote
21 Julai 2025

Mke wangu,

Marahaba zote tatu zimefika, hata ile ya sikio la kushoto.

Ulilia? Kwa ajili ya mbuzi? Nisamehe, ingawa nimecheka kidogo. Mashine inamwona mbuzi inasema mzee kachanganyikiwa. Wapo watu hapa Makote wamesema hivyo bila kumwona mbuzi.

Maelezo yako nimeyasoma mara nne, mara ya kwanza miwani ilikuwa chafu. Umeandika vizuri, mkono wa mtu aliyesoma. Mimi darasa la nne la misheni nakukosoaje? Ila yamenikumbusha mwaka wa kwanza unga wa salfa ulipoletwa huku. Alikuja bwana shamba kijana, kavaa soksi ndefu, akatuambia: pulizieni alfajiri wakati jani lina umande. Basi. Hakusema kaa upande gani wa upepo. Nikapuliza alfajiri kama nilivyoambiwa, kila mkorosho. Nilirudi nyumbani wa njano kuanzia nyusi mpaka kitovu, macho yamevimba kama ya chura. Bibi yako akafungua mlango akanitazama, akasema, "Cuthbert, umeiva." Akafunga. Nikakaa nje mpaka akamaliza kucheka, na kicheko cha Regina unakijua, kilikuwa na mlango wa kuingilia bila wa kutokea.

Bwana shamba hakuwa amekosea. Alfajiri ni alfajiri. Aliacha tu lile ambalo kwake lilikuwa halina haja ya kusemwa.

Habari nyingine hakuna. Nikisonga ugali nasonga wa watu wawili, mkono haujajifunza. Unaobaki nampa kuku, ananenepa kwa ujane wangu. Faidha akija huniletea mizizi ya ming'oko ya kuchemsha, tunakaa, yeye anaongea, mimi naitikia kwa kichwa. Sijui nimekubali mambo gani mpaka sasa. Huenda nimeshamposa.

Mikorosho imeanza kuchanua. Ukipita chini yake asubuhi harufu inakushika kwenye shati, inaingia nawe mpaka ndani.

Miguu yangu mizima. Hujauliza, lakini nakuambia.

Mwezi wa nane ni mwezi ujao. Sisemi kitu.

Cuthbert wako


Tabata
18 Agosti 2025

Babu,

Shikamoo. Barua ya mlango wa kuingilia bila wa kutokea nimewasomea ofisini, wamecheka mpaka bosi akatoka chumbani kwake. Nikamweleza habari ya kisima chako, akapenda. Anasema nitaionyesha kwa wateja, iwe mfano wa maelezo mafupi yanayoeleweka. Zana moja, swali moja, jibu moja.

Mwezi huu sitaweza, Babu. Tunaanza kazi ya maghala mapya kabla korosho hazijaanza kuanguka. Nadhani Oktoba.

Lakini nakuona kila asubuhi. "Maji yamepungua, Babu yuko salama." Tena siku hizi unakunywa maji mengi, unaoga, sijui unafua mashuka? Nimefurahi. Bibi alikuwa anakugombeza kwa habari ya kuoga, leo angeshangaa.

Nilimpigia shangazi Faidha wiki iliyopita ili nikusalimie kupitia kwake. Akaniambia, "Babu hajambo, amelala." Nikasema asikuamshe.

Niandikie. Zamu ni yako.

Winfrida


Tabata
10 Septemba 2025

Babu,

Shikamoo.

Zamu bado ni yako. Nimeuliza ofisi ya basi kama kuna bahasha kutoka Newala, hakuna. Umenikasirikia kwa sababu ya mwezi wa nane?

Shangazi Faidha nilimpigia tena. Kasema umelala. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Wakala anasema uko salama. Leo nimemwuliza swali ambalo si la kazi. Nimemwuliza: kwa nini Babu haandiki? Akajibu: "Sina zana ya kujibu hilo. Maji yamepungua. Babu yuko salama."

Niandikie hata mstari mmoja. Hata matusi.

Winfrida


Makote
22 Septemba 2025

Mke wangu Winfrida,

Marahaba. Nimezikuta barua zako mbili kwa Faidha, kazifunga kwenye kanga pamoja na hirizi ya mtoto wake. Nimezisoma kwa mpigo nikiwa nimekaa kitandani, mguu juu ya gunia la makopa ya muhogo.

Usianze kupiga kelele, hata ukipiga sisikii.

Mwanzoni mwa mwezi wa nane nilipanda kiti. Buibui alikuwa amekishonea utando kile kidude chako cha taa, nikaona aibu, mgeni wa watu anakaa kwenye uchafu. Ulisema umeshamwachisha kazi, lakini mtu aliyeachishwa kazi naye hufutwa vumbi. Kiti kikaenda kwake na mimi kwangu. Nikasikia mguu umelia chini ya goti, na ukijua mimi nimesikia, basi umelia kweli.

Ilikuwa asubuhi. Nilipiga kelele kidogo, nikaacha, kwa kuwa sikujua kama sauti inatoka. Nikamtazama mume mwenzangu pale juu kwenye taa. Nikamwambia, "Bwana, mwite mkeo." Akanitazama na kile kitaa chake cha kijani. Nikamwambia habari nyingi, Winfrida, hata za Regina, maana mchana ulikuwa mrefu na yeye hakatizi mtu. Alasiri Faidha akaja kuchota maji. Aliniona kupitia mlangoni, akatupa ndoo.

Wakanishusha Masasi hospitali, wakafungua mguu wakatia vyuma. Nimelala huko mpaka juzi. Wauguzi wazuri, uji mbaya. Kitanda cha pili alikuwapo mzee Ambrosi wa Chiungutwa, kiziwi kama mimi, tumezungumza wiki nzima kila mtu na habari zake na tukaachana tukiwa marafiki wakubwa.

Kwa hiyo Faidha hakukudanganya. Ulipopiga nilikuwa nimelala kweli, ila Masasi. Nilimkataza kusema. Nilimwambia mtoto ana kazi.

Sasa ndiyo nikafungua barua yako ya Agosti. Eti nakunywa maji mengi! Eti naoga! Nimecheka mpaka mshono ukauma. Maji yangu alikuwa anakunywa Faidha na watoto wake na mbuzi wake, na Dorika wa kule juu, na kila mwenye ndoo tupu. Kisima cha Faidha kimepasuka tangu masika. Wachote wapi? Sikukuandikia kwa sababu si habari. Hapa kwetu mtu hamhesabii jirani ndoo, kama hamhesabii pumzi. Na wewe mwenyewe umelelewa hapa, umechota kwa Faidha utoto wako wote na ndoo yako ya bluu isiyo na mshikio. Umekaa na mabomba ya Dar mpaka ukaandika kana kwamba kisima kina mdomo mmoja.

Nilicheka, nasema. Halafu nikahesabu kimoyomoyo: mimi nalia Masasi, wewe unaambiwa niko salama. Mimi sipo, niko salama. Nikaacha kucheka.

Babu yako


Tabata
4 Oktoba 2025

Babu,

Shikamoo.

Nimeiandika barua hii mara nyingi, mara nina hasira nawe, mara nina hasira na mimi. Ulinificha mguu uliovunjika! Ulimfanya shangazi Faidha anidanganye! Mtu ana kazi, ndiyo, lakini kazi ina ruhusa. Ningeomba ruhusa.

Hapo ndipo nikasimamisha kalamu, kwa kuwa wewe utauliza: ningeiomba kweli?

Pasaka sikwenda kulala Newala mjini kwa ajili ya joto. Nilifungua chumba nilichokuwa nalala na Bibi, nikaona kanga yake kwenye msumari, ile ya zambarau. Haikuondolewa. Nikafunga mlango nikakuambia joto. Wewe ulikuwa umesimama nyuma yangu, ukaona, ukasema, "Haya, nenda, kuna feni kule." Babu, nilikuwekea mashine ili nisije. Sentensi hiyo imekaa hapo na sitaifuta.

Kazini nimewaambia ule mfano mzuri umeoza. Bosi alitaka tubadilishe neno moja tu. Nikakataa. Nikarudi kwenye maelezo yangu yote ya maghala, na kila mahali nilipokuwa nimeandika "maana yake" nikajiuliza: nimejuaje? Kuna ghala moja nilikuwa nimeandika, "Taa ya lango ikiwaka, mlinzi yupo." Taa ya lango! Nimempigia mlinzi, akacheka, akasema taa ile haizimwi tangu ilipofungwa.

Ya kwako sasa inasomeka hivi:

"Kisima. Huonyesha kina cha maji ndani ya kisima cha nyumba ya Babu, Makote. Hakionyeshi nani amechota. Majirani huchota humo bila kuomba, ndivyo inavyopaswa. Usitumie zana hii kujibu kama Babu yuko, anaumwa au ni mzima. Hakuna zana inayojibu hilo. Ukiulizwa, andika: Sijui."

Siku ya kwanza baada ya kubadilisha niliamka nikashika simu. "Kina cha maji kimepungua. Kuhusu Babu: Sijui." Nilikaa na mswaki mdomoni mpaka dawa ikakauka. Sasa kila asubuhi ndiyo hiyo. Sijui. Sijui. Sijawahi kuandika maelezo ya kweli namna hii, na sijawahi kuchukia kazi yangu kiasi hiki.

Njoo ukae nami Dar, Babu. Nina chumba. Kuna hospitali karibu. Nitakufuata kwa gari.

Nijibu haraka.
Winfrida


Makote
20 Oktoba 2025

Mke wangu,

Marahaba. Nimejibu haraka, ila bahasha yako ilikaa kwa konda kwa sababu basi lilivunja springi.

Korosho zimeanza kuanguka. Mwaka huu naokota nimekaa, najisukuma kwa matako kutoka mkorosho hadi mkorosho, suruali mbili zimekwisha. Faidha anasema nimefagia shamba kuliko ufagio. Fundi wake amekuja, Mungu mkubwa, ila kaja kuuliza tena kazi ni ipi.

Dar siji. Nitakaa wapi nisiposikia honi? Wiki moja tu mtaniokota barabarani. Na kisima nikiondoka kitafungwa, watu watachota wapi? Usiniambie watachota hata nisipokuwepo. Umekwisha kunithibitishia hilo, na tena kwa maandishi.

Huyo mume mwenzangu sasa nampenda. Zamani alikuwa mwongo wa adabu, kama wale jamaa wa msibani wanaosema marehemu hakuwa na deni. Sasa anasema sijui. Nimekaa na watu wazima miaka themanini na kitu, wachache mno nimewasikia wakilisema neno hilo. Mwachie hivyo hivyo. Usimwongezee kidude kingine cha kunipima choo.

Lakini na mimi nina la kusema, kwa kuwa wewe umesema la kanga.

Faidha sikumkataza kwa sababu una kazi. Ningeweza kumwambia akupigie siku ile ile, wakati wananipakia kwenye gari. Simu alikuwa nayo mkononi, kidole kiko juu ya jina lako. Nikamshika mkono. Nilitaka nione kama utajua. Nililala pale Masasi nikisema, kesho atajua. Kidude kitamwambia, au moyo utamwambia, au ataona barua haiji. Kila mlango wa wodi ulipofunguliwa nilikuwa nageuza shingo. Mzee Ambrosi akadhani nina ugonjwa wa shingo.

Ni mchezo mbaya kumchezea mtu anayekupenda. Nang'olo mzima, mzee wa mvi, na mambo ya mtoto anayejificha kwenye ghala la mahindi akisubiri atafutwe, halafu jioni inaingia.

Basi nisikilize wewe mwenye masikio. Usije kwa ajili ya mguu. Mguu una vyuma vyake, unatosha. Mtu akiitwa kwa ugonjwa huja na macho ya kutazama ugonjwa, anakaa kitako nusu, mkoba haushuki begani. Regina alipougua walikuja wengi namna hiyo, tukawapikia. Ukija, uje siku ambayo hakuna kilichoharibika. Usiniambie siku. Ukiniambia nitaanza kugeuza shingo.

Kanga iko msumarini. Mimi sikuitoa kwa kuwa sikujua niiweke wapi.

Cuthbert


Makote, kibarazani kwako
29 Novemba 2025

Babu,

Shikamoo ya nyumba isiyo na mtu.

Nimefika leo asubuhi na basi la usiku, nikachukua bodaboda kutoka Newala mjini. Nimepiga hodi, nimezunguka nyuma, nimechungulia dirishani. Shangazi Faidha akatokea anacheka mpaka kashika ukuta. "Mumeo hayupo! Jana kapanda bodaboda kwenda Chiungutwa kumtazama Ambrosi. Magongo kayafunga mgongoni kama bunduki." Nikamwuliza unarudi lini. Akasema leo au kesho, inategemea uraka, ile pombe ya mabibo, umeiva kiasi gani huko.

Mguu huo, Babu! Nitakugombeza kwa kalamu, ndiyo unayoisikia.

Hakuna kilichoharibika. Kazi ipo. Sina habari ya kukuletea wala sijaja kukuchukua. Nimekuja tu, kama ulivyosema, na wewe ndiye usiyekuwepo. Sasa nimeonja. Kila bodaboda ikilia kule barabarani nanyanyua kichwa. Zimepita nyingi, moja imebeba jogoo, nyingine kitanda. Sijui ulivumiliaje wodini.

Begi langu nimeliweka chumbani kwa Bibi. Nimekaa kwenye kitanda kile muda mrefu. Kanga sijaitoa msumarini. Nimefungua dirisha, basi, ikawa inapeperuka kidogo.

Halafu nikafagia, nikaona nina kiu. Nikachukua ndoo nikaenda kisimani. Maji yako chini sana mwaka huu, kamba imeisha yote. Dorika wa kule juu alinikuta pale, tukachota pamoja, hakuniuliza nimekuja lini, kaniuliza tu kama ndoo yangu inavuja. Nilikunywa nimesimama. Nilikuwa nimesahau ladha ya maji ya mvua kutoka kwenye bati.

Nikiwa bado na kata mkononi simu ikatetemeka mfukoni. Wakala. Mtandao hapa unakuja na kuondoka, ujumbe umefika vipande vipande:

"Kina cha maji kimepungua. Aliyechota hajulikani. Kuhusu Babu: Sijui."

Nimekaa hapa kibarazani nikamjibu, ingawa hana zana ya kupokea jibu kama hilo. Nimemwandikia: Aliyechota ni mimi. Babu hayupo. Namsubiri.

Winfrida